Jalada la Kalenda

Bi Saumu huvijalidi vitabu vyote vya nyumba kwa karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, vyake na vya mumewe. Mwalimu Shekue husoma tenzi za kale tu. Riwaya za mapenzi za mkewe huziita makapi. Mkewe naye husema tenzi ni dawa ya usingizi.

Asubuhi moja Mwalimu alikwenda kwa kinyozi na kitabu kwapani. Alipokifungua, akakuta bibi harusi anatoroka kupitia dirishani. Akajua amebeba makapi. Akaendelea kidogo, ili apate la kusema nyumbani.

"Mwalimu, nimeshamaliza kitambo," alisema kinyozi. "Wenzako wanangoja kiti."

"Subiri. Bado hajavuka mto."

Alirudi adhuhuri, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. Jikoni alimkuta mkewe ameshika kile kitabu kingine, anaghani kwa sauti.

"Mama Hidaya, maharage yanaungua."

"Nasikia harufu," alijibu bila kuinua macho. "Ngoja kwanza mfalme afe."

Mwalimu akavuta kigoda, akaketi kando yake, akafungua pale penye kidole. Moshi wa maharage ukawapita wote wawili, ukatoka dirishani.