Shamba la Miguu Sita

Mizizi ya mahindi yetu ilipinda. Mkaguzi aling'oa mche mmoja, akaukung'uta, akatuonyesha: mizizi ilishuka shibiri moja, ikakuta udongo mgumu, ikageukia kando.

"Mlilaza ng'ombe hapa kwenye matope," alisema.

Ni kweli. Mahari ya binti yangu Kabula ilifika siku ya mvua, ng'ombe kumi na wanane, na zizi letu ni dogo.

"Sheria mnaijua. Udongo ukishindiliwa, watu wanapunguzwa. Shamba hili lilibeba miguu minane. Sasa ni sita."

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu Nyamizi, mdogo wangu Lushinge na mama.

Mama akacheka. "Mimi na mkongojo tuna mitatu. Utaniandikaje?"

"Mkongojo hauhesabiwi, bibi."

"Basi nipunguze mimi. Hawa bado wanalima."

Nilimtazama Nyamizi, naye akatazama chini. Mama aliingia ndani kuchukua shuka lake. Hakuna aliyemzuia.

Alipanda lori la wanaopunguzwa, na lori hilo halijawahi kurudisha mtu. Tulipokea ng'ombe kumi na wanane, tukavuna magunia tisa, tukatoa mama mmoja.