Ukoka Uliolala

Vibarua walikuwa wameshashika majembe. "Ng'oeni wote, umekufa!" Bi Mwanahawa aliamuru, akiuonyesha ukoka wa uani uliogeuka kahawia. "Na wewe Shekue, mtunza bustani gani wewe? Kesho usije."

Shekue alisimama mbele ya majembe. Miaka tisa aliutunza ukoka ule.

"Mama, kitendawili!" akamwambia Bi Mwanahawa.

"Makubwa! Haya, tega."

"Kalala kiangazi kizima, hali, hanywi, wala hajafa."

Shekue alipiga magoti, akafukua shina moja la ukoka, akalikwaruza kwa ukucha. Ndani lilikuwa jeupe, bichi, lina maji.

"Kumbe ukoka unangoja mvua tu!" Bi Mwanahawa akacheka. "Jamani, wekeni majembe chini. Na wewe Shekue, kesho uje."

Shekue alishusha pumzi ndefu. Pembeni yake, Bi Mwanahawa alikunja kanga, akachuchumaa, akaanza kukwaruza shina jingine, na jingine.