Kinda Aliyesubiri Panzi

Zamani ndege Shore alikuwa na mtoto mmoja, mvivu wa mabawa. Kila asubuhi Shore alibana panzi mdomoni, akatua tawi la pili na kumwita. Kinda aliruka, akala, akarudi kulala.

"Shoga, huyo unamfundisha panzi, humfundishi kuruka," alisema jirani yake Chiriku. "Wangu nawaacha wachungulie nje mpaka watamani wenyewe."

Shore akacheka. "Wako hata tawi hawajalikanyaga!"

Siku moja nyoka akaanza kupanda mti. Makinda wa Chiriku waliruka wote, wakayumbayumba hewani, wakafika kichakani.

"Ruka, mwanangu!" Shore alilia kutoka tawi la pili.

Kinda akamtazama mdomoni. "Panzi yuko wapi, mama?"

"Ruka, nitakupa!"

"Nipe kwanza."

Shore hakujua njia nyingine. Alishuka majanini, akakamata panzi mnono, akarudi mbio. Kiota kilikuwa kitupu, na nyoka alikuwa akiteremka taratibu.

Chiriku akaja kukaa kando yake. Ndege yule asiyenyamaza hata akila alimfunika mwenzake kwa bawa, asiseme neno.