Kiti cha Duarte

"Garrick, kiguse hicho kiti uone!"

Koleo la Mama Filomena lilikuwa bado linadondosha theluji. Garrick akaondoa mkono kwenye kiti cha jikoni kilichosimama peke yake katikati ya nafasi ya kuegesha gari kando ya barabara.

"Mama, wewe huna gari."

"Nafasi ya mwanangu hiyo. Ya Duarte."

"Mwache mama wa watu," Anjali, jirani yao, alidakia kutoka ng'ambo ya barabara. "Mtaa huu, aliyefukua theluji akaweka kiti ndiye mwenye nafasi. Au na barabara mmeichukulia hataza, mtu mwingine asiitumie bila ruhusa yenu?"

Ugomvi ukahama hapo hapo. Nani asiyejua kwamba kampuni wanazofanyia kazi wawili hao, zote za kule kwenye maabara za Kendall, zinashtakiana mahakamani kwa ajili ya seli zisizokufa? Filomena aliegemea koleo. Vidole vilishakufa ganzi, hakuvijali.

"Tumezikuza sisi," alisema Garrick. "Aliyefukua ndiye mwenyewe, si umesema?"

"Na zinatibu nini, nani aligundua kama si sisi? Tungeshirikiana, leo watu wangekuwa wanapona. Nyie mtu akiwaomba kichupa kimoja, mnamletea wakili!"

"Tugawe chetu kwa nini?"

"Chenu! Si mlizitoa kwa mgonjwa hospitalini?"

"Aliyetia saini kwa hiari yake. Jina lake hulijui, nami silijui."

"Zinakaa wapi?" Filomena aliuliza.

"Kwenye mapipa ya baridi kali, mama," Garrick alisema, sauti imelainika. "Ukizitoa zikapata joto, zinaamka, zinafanya kazi usiku na mchana. Hazizeeki."

Filomena akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

"Na huyo Duarte mbona hatumwoni?" Anjali aliuliza. "Tangu nihamie hapa nakiona kiti tu."

"Yuko huko huko kwenu."

"Kwetu, au kwa kina Garrick?"

"Kote kuwili."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haiwezekani, mama," alisema Garrick. "Tungeshamshtaki!"

Filomena hakucheka. Alikikung'uta kiti theluji, akakipandisha ngazini, akausukuma mlango kwa bega. Harufu ya kabichi na soseji ikatoka nje.

"Weka gari lako, Garrick. Kisha ingieni mnywe supu, nyote wawili," alisema. "Ndiyo supu ya mwisho aliyoniomba Duarte, siku ile alipotolewa uboho hospitalini, akawatilia saini karatasi yenu ya seli."