Mboji ya Lugendo

Siku hizi mtu akifa hazikwi. Hurudishwa nyumbani akiwa mboji nyeusi ndani ya dumu, na mjane wake huichanganya na mbolea ya kukuzia miche.

Mchicha wa Nyamizi, uliolishwa mboji ya mumewe Lugendo, ulistawi kupita wa majirani. Lakini haukufuata jua, ulimfuata Nyamizi. Akiwa jikoni, miche yote iliinamia jikoni. Akijifungia chumbani, iliinamia chumbani, kama Lugendo alivyokuwa akimwandama kabla ya kumpiga.

“Kaka bado anakutafuta, wifi,” alisema dada wa marehemu, huku akichuma majani ya kwanza, ambayo kwa desturi huliwa na mjane. Akayaunga kwa karanga, akamsimamia mpaka Nyamizi akamaliza sahani.

Nyamizi alipotoka nje, miche iliyobaki ilikuwa imesimama wima. Haikuwa ikimtafuta tena.