Picha Zimegoma Tena

Mzee alibonyeza "Simamisha", akasubiri taa ya kijani kwenye skrini igeuke nyekundu, kisha akainama kuvaa viatu. Simu ilikuwa bado haijaita.

Ilipoita, alikuwa ameshafunga kamba zote.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, ila zile picha zimegoma tena. Samahani jamani, kila Jumamosi kukusumbua."

"Ah, usumbufu gani? Naja sasa hivi."

Aliyepiga alikuwa mkamwana wake, mjane wa mwanawe wa pekee. Kijana huyo, enzi za uhai wake, hakupenda picha za familia yake zikae kwenye mitambo ya watu asiowajua. Alinunua kompyuta, akaiweka chini ya ngazi nyumbani kwake, akaijaza programu zake mwenyewe: ya picha na video, ya muziki, ya kamera ya mlangoni. Kila programu ilikaa ndani ya kontena lake, kama vile jikoni sukari ina kopo lake na chumvi lake. Ukifunika hili, lile huligusi. Makontena yote yalisimamiwa kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wenye taa na vitufe, na ukurasa huo uliweza kufunguliwa popote. Nywila ya kuufungua akampa baba yake, fundi redio mstaafu. "Nikiwa safarini, mzee, wewe ndiye meneja."

Safari ya mwisho hakurudi. Meneja akabaki na nywila.

Mara ya kwanza picha ziligoma kweli. Umeme ulikatika, ukarudi vibaya. Mzee akaenda, akalianzisha kontena upya, akaombwa abaki kwa chakula cha mchana. Jioni aliporudi kwake, nyumba ilikuwa kimya hata akawa anasikia friji ikihema. Juma lililofuata hakuna kilichoharibika, na hakuna aliyempigia. Kwenda bila sababu aliona haya. Mjane bado kijana, ana maisha mbele yake. Baba mkwe atakaaje mlangoni pake kama askari? Fundi ni jambo jingine. Fundi huitwa.

Basi Jumamosi moja kidole chake kikateleza. Ndivyo alivyojiambia, kimeteleza. Tangu hapo kikawa na tabia ya kuteleza.

Leo alipofika, meza ilikuwa imeshaandaliwa, sahani yake ikiwa mahali pake. Mjukuu wake, binti aliyeanza shule juzijuzi tu, alimrukia shingoni. "Babu Waya amekuja!"

Mzee aliinama chini ya ngazi, akakohoa kifundi, akachomoa waya usiohusika na lolote, akauchomeka tena. Kisha akafungua ule ukurasa kwenye simu na kubonyeza "Anzisha". Sebuleni, kwenye runinga, picha zikarudi.

"Nikufundishe, mama, uwe unaanzisha mwenyewe," alisema, dhamiri ikimsuta. "Ni kitufe kimoja tu."

Mkamwana wake, ambaye siku za kazi hushinda kutwa mbele ya kompyuta kwenye ofisi ya bima, alitikisa kichwa. "Mambo hayo hayaniingii, Baba." Akammiminia chai. "Hivi, huwa inajizima yenyewe tu?"

Mzee alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Mitambo hii ina vichwa vigumu."

"Kama aliyeinunua," akasema mkamwana. Wakacheka.

Mtoto alikuwa amechutama chini ya ngazi, sikio kalibandika kwenye kompyuta.

"Babu, picha zikizimwa, baba anakuwa gizani?"

Mzee alitua kikombe. "Hapana, bibie. Anakuwa... amelala."

"Nani anamzima?"

Mama mtu aliinuka akaanza kukusanya vyombo, na mzee akatazama pembeni ili wasigongane macho.

Njia nzima ya kurudi alijiona mwizi. Mtoto alishanyang'anywa baba mara moja, na bado yeye, babu mtu, anamnyang'anya tena kila Jumamosi, kisa sahani ya wali na maneno mawili matatu. Aliandika ujumbe wa kuungama, akaufuta. Akaandika mwingine, nao akaufuta. Angeanzaje? Mwanangu, ni mimi. Nimekuwa nikikufanyia hivi makusudi, wewe ukiniomba samahani.

Alichoweza ni kuapa. Hatagusa tena.

Jumamosi iliyofuata alikaa mbele ya kompyuta yake, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa. Ukurasa hakuufungua. Alipika chai ya mtu mmoja, ikapoa bila kunywewa. Nje watu walipita wakiongea, milango ya majirani ikafunguliwa na kufungwa.

"Ndiyo stahili yako, mzee," akajiambia kwa sauti. "Vumilia."

Simu ikaita.

"Baba, shikamoo. Zimegoma tena."

Akaufungua ukurasa mbiombio. Kontena la picha lilikuwa na taa ya kijani. Akaufunga, akaufungua upya, pengine umechelewa kusoma. Kijani. La muziki kijani, la kamera kijani.

"Zimegoma kabisa, mwanangu?"

"Kabisa, Baba. Haionekani hata moja."

Na nyuma ya sauti yake, kwa mbali, mtoto akapiga kelele za furaha: "Mama, njoo uone, hapa baba amenibeba mgongoni!"