Mshenga wa Tulia

Siku hizi mbwa wa asili adimu hazalishwi mpaka mshenga wa serikali aje nyumbani kuuliza ukoo wake na kuchukua mate yake yakapimwe damu ya ukoo. Wetu, Tulia, ni tosa, jike kubwa la Kijapani lisilobweka ovyo.

"Asili yake?" mshenga aliuliza.

"Mbwa wa kienyeji wa Japani, wakachanganywa na majibwa ya Ulaya. Ndiyo maana ana kifua kile, na bado mtulivu."

Hakumtazama Tulia hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa binti yangu Nakaaya, aliyekuwa akinywa chai nasi.

"Na nyie, mama? Kwenu kuna kifafa? Kuna wenye hasira za kurithi?"

"Kwani umekuja kwa mbwa au kwetu?"

"Mbwa hulelewa na watu, mama."

Nikamjibu yote, mpaka ukoo wa marehemu mume wangu. Ndivyo tulivyolelewa: mshenga akiuliza, hafichwi.

Akaaga. "Tulia hafai kuzaa," alisema mlangoni, "lakini hapa tutarudi."

Nilipokusanya vyombo, kikombe alichonywea Nakaaya hakikuwepo.